Mali ya Hifadhi

Gari walilokodi lilikuwa na pedali moja tu ya breki, kama magari mengi duniani, na jambo hilo lilimchosha mguu mwalimu wa udereva tangu walipotoka mjini. Kazini alizoea kukaa kiti cha abiria akiwa na breki yake mwenyewe. Mwanafunzi akifanya upuuzi, yeye anakanyaga, mambo yanaisha. Sasa alikuwa kwenye kiti kilekile, mdogo wake ndiye ameshika usukani, na kila kona alikanyaga sakafu tupu mpaka kifundo kikaanza kuuma.

"Dada, acha kukanyaga," mdogo wake akasema. "Unanitia wasiwasi."

"Ungekuwa na wasiwasi ungepunguza mwendo."

Mdogo wake aliitwa Bingwa tangu shuleni, kwa sababu ambazo hata yeye hakuzikumbuka. Aliuza simu kwenye duka la mtu, na tangu baba yao afariki alijihesabu kuwa mwanamume wa familia, na mwanamume wa familia, kwa imani yake, haendeshwi. Nyuma yao alikaa mama, amepakata kikapu chenye mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Miguuni pake palikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi, kwa ajili ya kupaka mawe ya kaburi.

Mama alizaliwa ndani ya hifadhi ile kabla haijawa hifadhi. Aliolewa humo, akajenga na mumewe nyumba ya vyumba viwili karibu na mto unaokauka kiangazi, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alikufa kwa homa kabla hajamaliza kuota meno, wakamzika nyuma ya jiko. Msimu uleule malori yakaja. Watu wakaambiwa wachukue kile wanachoweza kubeba, na kaburi halibebeki. Mwalimu na Bingwa walizaliwa baadaye, mjini, kwenye chumba cha kupanga ambacho ukuta wake ulikuwa ni mgongo wa kabati la jirani.

Kwa miaka mingi mama alikwenda ofisi ya hifadhi kuomba ruhusa ya kulifagia kaburi la mwanawe. Alikwenda mara nyingi hata karani akawa anamuulizia hali ya magoti. Kila mara alijibiwa kwa heshima kwamba upo utaratibu wa kutazama ndege, upo wa kupiga filamu, upo hata wa maharusi wanaotaka picha na tembo, ila wa makaburi haupo. Mwisho mwalimu akasema, basi tutaingia kama watalii. Magari ya waongozaji hayakufaa. Yale hukimbilia walipo simba, hayawezi kusimama mahali pasipo na kitu. Ukijiendesha mwenyewe unasimama unapotaka, mradi tu usishuke.

Getini walipokelewa na msichana mchangamfu.

"Karibuni. Ni mara yako ya kwanza kutembelea hifadhi yetu, mama?"

"Niliwahi kukaa."

"Hoteli gani?"

"Kule ng'ambo ya mto."

"Hiyo siijui," msichana akasema. "Labda ilifungwa."

Akawapa ramani yenye picha ndogondogo za wanyama, akawatakia wikendi njema.

Siku ya kwanza yote iliharibika. Bingwa alikuwa amewaahidi wenzake wa dukani picha ya simba, na kila gari walilopishana nalo alilisimamisha kuuliza. Huyu akasema wako kwenye mabwawa. Wakaenda mabwawani, wakakuta foleni ya magari yaliyowakuta viboko. Yule akasema wamehamia kwenye vilima. Wakapanda vilima, gari likinguruma kwa gia isiyo yake, mwalimu akiuma meno. Juu waliona migongo ya magari mengine, na juu ya migongo hiyo watu wenye kofia wakitazama kitu ambacho tayari kilikuwa kimeondoka.

"Bingwa, tumekuja kwa ajili ya mama," mwalimu akasema.

"Mama hajalalamika. Mama, umelalamika?"

Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. "Mkimaliza kugombana mtaniambia," akasema.

Walifika kwenye mabanda ya kulala wakiwa wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Kopo la rangi lilikuwa limeviringika siku nzima chini ya viti.

Asubuhi, Bingwa alipokuwa akinyoa ndevu, mwalimu alitoa ufunguo kwenye mfuko wa suruali ya mdogo wake iliyotundikwa mlangoni, akaenda kukaa kwenye usukani, akafunga mkanda. Bingwa alipotoka na povu shavuni alielewa, akapanda kiti cha abiria, akaubamiza mlango.

Ramani haikuwa na mahali walipokuwa wakienda, kwa hiyo mama ndiye aliyeongoza.

"Hapo kwa shangazi yenu, pinda," alisema, mahali palipokuwa na kichuguu tu na swala wawili. "Nenda. Huyu alikuwa akitengeneza vitanda, mpite. Hapa taratibu, mbwa wao alikuwa mkali."

Mwalimu akapunguza mwendo, akampisha mbwa ambaye hakuwepo. Walivuka mto kwenye mchanga, wakatokea kwenye uwanda wa nyasi. Mama akasema simama, naye akavuta breki ya mkono.

Palikuwa na mawe matatu ya jiko, yamesogeleana, yana weusi wa moshi ambao mvua za miaka yote hiyo hazikuuosha. Punda milia wachache walikuwa wakila karibu. Kwenye jiwe mojawapo alikaa mwanamume. Alipoliona gari alisimama, akajipangusa vumbi makalioni, akaja.

Alikuwa mtu wa makamo, upara umeshaanza kumla kutoka mbele, ndevu zina mvi. Kiunoni alijifunga shuka la kijani. Lilikuwa shuka la mtoto, naye hakuwa mtoto tena, kwa hiyo lilimsitiri pale penye ulazima tu. Mama alilitambua shuka kabla ya kumtambua mtu. Ukingo wake aliushona mwenyewe kwa mkono, akiwa na mimba, na ndani yake ndimo walimomzika mtoto.

"Masikio ya baba yenu hayo," mama akasema. "Mfungulieni mlango."

"Hairuhusiwi kushuka," akasema Bingwa.

"Nani anayeshuka? Yeye anapanda."

Mwanamume akaingia, akakaa kando ya mama, magoti yakigusa kiti cha mbele. Alinukia udongo uliolowa. "Karibuni sana," akasema, kwa sauti ya kikazi. "Poleni na vumbi. Natumaini mmelala vizuri."

Mama alimshika mkono, akaugeuza, akazitazama kucha. "Umekula?"

Ilifahamika polepole, katikati ya mayai, kwamba aliendelea kukua kule chini kama watoto wengine wanavyokua juu. Kaburi lilikuwa la mtoto; akalizidi, ikabidi atoke. Kuhusu lugha, alikwenda na maneno machache, mama, maji, sitaki, na mengine yote aliyaokota kwa waongozaji wa watalii waliosimamisha magari pale mtoni. Ndiyo maana hata alipoomba chumvi alisema, "Na sasa, wapendwa wageni, tukibahatika tutaona chumvi."

Aliyala mayai yote. Mama alitazama kopo la rangi. "Hii sasa ya nini," akasema, kama mtu aliyenunua kitu sokoni akakuta nyumbani kipo.

Bingwa ndiye aliyechukua muda. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anamtazama mgeni kwa jicho la mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa.

"Kwa hiyo mimi siyo mkubwa," akasema.

"Hukuwa mkubwa hata jana," mwalimu akamwambia. "Mimi nimekutangulia."

"Nasema kwa wanaume. Baba alipokufa nani alisimama kuongea na watu? Mambo ya ukoo, vikao, lawama, yote nimebeba mimi. Kumbe mwenyewe yupo, amekaa juu ya jiwe."

Kaka mkubwa alifikiri. Katika maneno yake alitafuta linalofaa. "Tunashukuru kwa uvumilivu wako," akasema. Kisha, kwa kuwa aliona halikutosha, akaongeza kwa taabu, kama mtu anayevuta kamba kisimani, "Pole, mdogo wangu."

Bingwa akageuka mbele, akajifanya anarekebisha mkanda. Baadaye akauliza bila kumtazama, "Simba unajua walipo?"

"Mkono wenu wa kushoto, chini ya kichaka cha pili. Dume na majike wake. Familia yenye historia ndefu katika eneo hili."

Walikuwepo. Walikuwepo muda wote, wamelala chali kama watu waliotoka kazini. Bingwa aliwapiga picha moja, akairudisha simu mfukoni. Halafu akaitoa tena, akampiga kaka yake.

Mchana ule walikuwa familia. Mama alimsimulia mwanawe mambo ya mjini, nani kaoa nani, nyumba ina bomba ndani, jirani yule mkorofi hatimaye amehama. Bingwa alisema chumba cha nyuma anachowekea maboksi atakiondoa maboksi. Suruali zake zitamfaa kaka, labda kiunoni zikunjwe. Mwalimu alisema atamtafutia kazi, na mtu wa siku hizi bila kujua kuendesha gari anahangaika, akazima injini, akamhamishia Bingwa nyuma, yeye akahamia kiti cha abiria, akamfanya kaka mkubwa apite katikati ya viti mpaka kwenye usukani bila mtu yeyote kukanyaga ardhi.

"Hii klachi. Kanyaga mpaka mwisho. Gia ya kwanza. Sasa achia polepole, ukisikia gari linataka kutetemeka, hapo hapo."

Gari likaruka kama mbuzi, likazimika. Twiga aliyekuwa karibu akainua shingo, akaendelea kutafuna.

"Tena," mwalimu akasema.

Alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Miguu yake ilikuwa mizito, na kila alipoona ndege alisimamisha gari kueleza habari zake. Lakini mwalimu hakukasirika. Alijikuta anasema "tena" kwa sauti ambayo wanafunzi wake mjini hawakuwahi kuisikia. Jua lilipoanza kulala, kaka mkubwa alikuwa ameweza kwenda kutoka jikoni kwao mpaka palipokuwa kwa shangazi bila kuzima, na mama nyuma alikuwa amesinzia, mdomo wazi, mkono umeshika shuka la kijani.

Getini jioni hakuwa yule msichana. Alikuwepo msimamizi, bwana mpole mwenye sare iliyonyooshwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mliingia watatu," akasema msimamizi, "na hapa naona wanne."

"Wa nne ni mwanangu."

Msimamizi aliinama dirishani, akampungia mkono kaka mkubwa kama mtu anayefahamiana naye. "Huyu ni wa hapa. Tunamwona asubuhi akienda mtoni."

Mwalimu alizima injini. "Mnamjua?"

"Sana."

"Mama yangu amekuja ofisini kwenu mpaka magoti yakaisha. Kwa nini hakuna aliyemwambia?"

"Aliulizia kaburi, dada," akasema msimamizi. "Mtu hakumuulizia."

Akaeleza, taratibu, kama anavyoeleza wageni wengi. Kitu cha hifadhi hakitoki hifadhini. Watu hujaribu kutoka na mawe, manyoya, mafuvu, hata mbegu zilizonasa kwenye soksi, na wote huombwa kuviacha. Huyu bwana alizaliwa ndani, akafia ndani, akakulia ndani.

"Ni mtu," mwalimu akasema.

"Sijasema siyo mtu. Nimesema ni wa ndani."

"Basi shida imekwisha," mama akasema, na tayari alikuwa amefungua mlango, mguu mmoja nje. "Na mimi nimezaliwa ndani. Nitabaki naye."

"Mama, tafadhali. Wewe ulitoka."

"Nilitolewa."

"Naelewa, mama. Lakini kwenye utaratibu aliyetoka na aliyetolewa ni sehemu moja. Akirudi ni mgeni, na muda wa mgeni unaisha siku yake ya kuondoka, geti linapofungwa."

Bingwa akashuka, akapaza sauti. Akasema ataandika kwenye magazeti, na anataka jina na cheo. Msimamizi akamtajia cheo chake kwa utaratibu ili asikosee kukiandika. Mwalimu akaomba azungumze na mkubwa wake. Simu ikapigwa. Mkubwa alikuwa nyumbani, sauti ya watoto ilisikika nyuma. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema jambo hili limemgusa sana, naye pia ana mama, na kwamba msimamizi amelielezea sawasawa.

Nyuma yao magari yalikuwa yameanza kupanga foleni. Mtu alipiga honi, kwa adabu, mara moja.

Mwalimu akarudi kwenye usukani, akawasha injini. Kizuizi kilikuwa bomba jembamba lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi mpaka gari likaanza kutetemeka, akaishikilia hapo. Miaka yote ya kazi alikuwa amewafundisha watu kusimama. Alilitazama lile bomba, akahisi machozi ya hasira yakimchoma puani, na mguu wa kulia ukamwomba ruhusa.

Mkono mzito ukatua begani pake kutoka nyuma.

"Mdogo wangu," kaka mkubwa akasema. "Toa gia."

Akatoa gia.

Kaka mkubwa alishuka upande wa ndani wa geti. Mama alivua sweta yake, akamvalisha. Mikono ikamwishia kwenye viwiko. Msimamizi akakohoa. Alisema anasikitika, lakini na kitu cha nje nacho hakiachwi ndani, kinaweza kuleta magonjwa kwa wanyama. Kaka mkubwa akaivua sweta, akaikunja vibaya kama mtu asiyewahi kukunja nguo, akamrudishia mama yake.

"Asanteni kwa kututembelea," akasema. Akaona halikutosha. Alitafuta sana, midomo ikicheza. "Mama," akasema.

Askari wa hifadhi walimpakia nyuma ya lori lao, kwa kuwa ilikuwa njia yao. Alikaa juu ya tairi la akiba, akawapungia mkono mpaka vumbi likamficha. Mama hakulia mbele ya watu. Alipanda gari, akaivaa sweta, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ingawa palikuwa na joto.

Kuanzia hapo walikwenda kila walipopata nafasi. Bingwa aliandikia magazeti, na gazeti moja lilichapisha habari ile kwenye ukurasa wa utalii. Mwalimu alikwenda ofisi ya hifadhi yeye sasa, badala ya mama, na karani akaanza kumuulizia habari za shuleni kwake. Waliomba kibali cha kumhamisha. Wakaambiwa vibali vya kuhamisha vipo, kwa vifaru, kwenda hifadhi nyingine. Kaka mkubwa alikuwa akiwasubiri kwenye jiwe lake, na kila walipomkuta mvi zilikuwa zimepanda zaidi. Mwalimu aliendelea kumfundisha kuendesha. Walifika gia ya tatu.

Msimu wa mvua ulipopita, walikuta njia ya kwenda kwao imechongwa na greda. Kwenye ramani mpya iliyotolewa getini, kati ya picha ya kiboko na ya mbuni, palikuwa na picha ndogo ya mwanamume aliyesimama. Karibu na mawe ya jiko palisimikwa kibao cha mbao, kimeandikwa vizuri kwa herufi za manjano: MTU. USIMLISHE. BAKI NDANI YA GARI.

Bingwa alikisoma kibao kile kwa sauti, halafu akakisoma tena kimyakimya. Mama alikuwa na bakuli magotini, ameliviringisha kwa taulo ili lisipoe. Kaka mkubwa alisimama kando ya kibao. Alikuwa hatazami bakuli.

"Shusha kioo," mama akasema.

Mwalimu alishusha kioo cha nyuma kwa upana wa kiganja. Askari aliyekaa kwenye pikipiki chini ya kivuli akainua kichwa. Mama aliliacha bakuli pale magotini, akatoa mkono nje peke yake, mtupu. Kaka mkubwa akaushika, akaugeuza, akazitazama kucha.

Walikaa hivyo. Mwalimu aliwaangalia kwenye kioo cha ndani, injini imezimwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Nyuma yao likaja gari jeupe la kukodi, kisha jingine, kisha basi dogo lenye paa la kufunguka. Watu wakasimama juu yake na simu zao. Mwongozaji alianza kueleza, na kwa mbali ilikuwa kama kumsikia kaka yao mwenyewe akizungumza.

Dereva wa gari jeupe, kijana mwenye miwani, alilisogeza taratibu mpaka usawa wa dirisha la mwalimu. Alikuwa na mke na watoto, na alizungumza kwa sauti ya chini, kwa kujali.

"Dada, samahani sana. Mnaweza kusogea mbele kidogo? Mmetuziba, na watoto hawajawahi kumwona."

Mwalimu alisema hakuna shida. Akamwambia mama atoe mkono dirishani. Akasubiri mpaka umeingia ndani wote, akawasha gari, akakanyaga klachi mpaka mwisho, akasogea.